Kenya: Kwa nini raia wengi hawaiamini serikali kuilinda misitu ya umma

Katika nchi jirani ya Kenya, habari ya serikali kutaka kufanya jambo lolote ndani ya msitu wa umma hupokewa kwa shaka, hata pale jambo lenyewe linapoonekana kuwa jema. Ikitangazwa njia mpya ya kulipia kiingilio, watu huuliza ni nani atakayezipokea fedha. Wakulima wakiruhusiwa kupanda mahindi kati ya miche, swali huwa ni nani aliye nyuma ya wakulima hao. Ujenzi wa barabara, kituo cha polisi au hoteli ukitajwa karibu na mpaka wa hifadhi, mawakili huanza kuandaa kesi.

Shaka hiyo ina historia. Makala haya yanaieleza kwa ajili ya msikilizaji wa upande wetu wa mpaka, ambaye huenda amesikia majina ya Karura, Mau na Mlima Elgon katika taarifa za habari bila kupata nafasi ya kuyaunganisha. Si mambo ya mbali nasi. Mto Mara, Sondu na mingine kadhaa inayoanzia Mau humwaga maji yake katika Ziwa Victoria, ambamo Mto Nile huanzia safari yake kule Jinja. Mlima Elgon nao tumegawana na Kenya, mteremko mmoja kwao na mwingine kwetu.

Tangazo la siku 28

Idara ya Misitu ya Kenya ilianzishwa na utawala wa Kiingereza mwaka 1902. Kazi yake ya kwanza haikuwa kulinda mazingira kwa maana tunayoielewa leo, bali kuhakikisha kuni na mbao zinapatikana kwa ajili ya reli na makazi ya walowezi. Wenyeji waliokuwa wakiishi ndani ya misitu walihesabiwa kuwa wavamizi katika ardhi ya babu zao. Serikali huru iliyofuata mwaka 1963 ilirithi idara hiyo pamoja na sheria zake, na katika sheria hizo mlikuwamo kifungu kilicholeta madhara makubwa kuliko msumeno wowote.

Kwa mujibu wa sheria ya zamani ya misitu, waziri aliweza kupunguza mpaka wa hifadhi kwa kuchapisha tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali na kusubiri siku 28. Bunge halikuhitajika kupiga kura, wala hapakuwa na sharti la kuwauliza wanakijiji. Ni wachache wanaosoma Gazeti Rasmi, na wachache zaidi miongoni mwa waishio pembezoni mwa msitu. Siku 28 zikipita pasipo pingamizi lenye nguvu, ardhi ilikuwa imekwisha kutoka mikononi mwa umma. Sisi tufanyao kazi ya kutafsiri habari hutatizika na neno la kisheria la kitendo hicho. Kiswahili rasmi kingesema "kuondoa ardhi katika hadhi ya hifadhi". Wakenya hawakupoteza muda na maelezo marefu namna hiyo. Wao husema "kunyakua", na mwenye kufanya hivyo ni "mnyakuzi". Neno hilo limeshika kiasi kwamba magazeti na wabunge hulitumia, na kila msikilizaji hufahamu kinachozungumzwa.

Ukubwa wa unyakuzi huo ulianza kufahamika rasmi baada ya Rais Mwai Kibaki kuunda tume ya uchunguzi mwaka 2003, ikiongozwa na wakili Paul Ndung'u. Ripoti yake ilikabidhiwa mwaka 2004. Ilikadiria kwamba hatimiliki zipatazo 200,000 zilitolewa kinyume cha sheria kati ya mwaka 1962 na 2002, nyingi mno zikiwa za kuanzia mwaka 1986. Misitu ilikuwa sehemu mojawapo tu. Viwanja vya shule, nyumba za watumishi wa serikali, masoko, hifadhi za barabara na hata makaburi vilikuwa vimepata wenyewe wapya. Kuhusu misitu, tume ilieleza kwamba maeneo yaliyotengwa rasmi, ambayo wakati wa uhuru yalikuwa takriban asilimia 3 ya nchi, yalikuwa yamepungua hadi asilimia 1.7 hivi. Tume ilipendekeza hatimiliki nyingi zifutwe. Chache ndizo zilizofutwa.

Karura

Msitu wa Karura, wenye ukubwa wa hekta zipatazo 1,000, upo ndani ya jiji la Nairobi, ukizungukwa na mitaa ya matajiri na ofisi za kibalozi. Ulitangazwa hifadhi mwaka 1932. Katika miaka ya 1990 sehemu yake kubwa iligawiwa kimyakimya kwa kampuni binafsi zilizokusudia kujenga nyumba za kifahari. Mwaka 1998 wananchi waligundua kwamba miti ilikuwa imekwisha kukatwa na mitambo ya ujenzi imeingia.

Profesa Wangari Maathai, mwanzilishi wa vuguvugu la Green Belt la mwaka 1977, aliongoza upinzani. Tarehe 8 Januari 1999 alikwenda msituni pamoja na wabunge, waandishi wa habari na wafuasi wake kupanda mti. Walinzi wa kukodiwa waliwashambulia, naye akajeruhiwa kichwani. Alipofika kituo cha polisi kuandikisha mashtaka, alitia saini kwa damu iliyokuwa ikimtoka. Wanafunzi wa chuo kikuu waliingia mitaani wiki chache baadaye. Mwezi Agosti mwaka huo Rais Daniel arap Moi alitangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma, na Karura ikabaki. Mwaka 2004 Maathai alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata.

Kisa hicho hukumbukwa Kenya kwa namna yake. Aliyeuokoa msitu ni raia aliyepigwa, huku idara iliyolipwa mshahara kuulinda ikitazama pembeni. Kila mjadala wa leo kuhusu Karura huanzia hapo. Msikilizaji wa Uganda ataweza kulinganisha na Mabira mwaka 2007, pale mpango wa kuitoa sehemu ya msitu huo, hekta 7,100 hivi, kwa ajili ya miwa ulipozusha maandamano yaliyogharimu maisha ya watu mjini Kampala. Nako pia msitu ulinusurika kwa sababu watu walipiga kelele.

Shirika jipya, mazoea ya zamani

Sheria mpya ya mwaka 2005 iliivunja Idara ya Misitu na kuunda Shirika la Huduma za Misitu la Kenya, lijulikanalo kwa kifupi KFS, lililoanza kazi mwaka 2007. Mambo mawili yalibadilika kwa hakika. La kwanza, jamii zinazopakana na msitu ziliruhusiwa kuunda vyama na kutia saini mikataba ya kuusimamia pamoja na serikali. La pili, kupunguza mpaka wa hifadhi kulifanywa kuwa kugumu zaidi. Chini ya sheria ya mwaka 2016, anayetaka mpaka ubadilishwe hupeleka ombi ambalo sharti lichunguzwe na kupitishwa na Bunge. Katiba ya mwaka 2010 nayo iliiagiza serikali ifanye juhudi kuhakikisha angalau asilimia 10 ya nchi imefunikwa na miti.

Kwa karatasi, basi, Kenya ina mojawapo ya mifumo mizuri ya kisheria katika ukanda wetu. Tatizo limekuwa katika mashamba ya miti ya biashara: misonobari, saipresi na mikaratusi iliyopandwa kwa safu katika ardhi ya umma ili ivunwe na kupandwa upya. Humo ndimo zilimo fedha. Ofisa ndiye aamuaye ni eneo gani limekomaa, ni nani apewe leseni, ni miti mingapi imekatwa na ni mingapi imeandikwa. Lori lililosajiliwa kubeba magogo ya msonobari linaweza kubeba chini yake mwerezi uliokatwa usiku kutoka msitu wa asili, na kati ya msitu na barabara kuu huwa hapana mtu mwingine wa kulihesabu isipokuwa yule yule aliyelipa ruhusa.

Mwanzoni mwa mwaka 2018 mito kadhaa ilikauka na kilio cha wananchi kikapanda. Tarehe 24 Februari, William Ruto, wakati huo akiwa naibu wa rais, alitangaza marufuku ya siku 90 ya kukata miti katika misitu yote ya umma na ya jamii. Kikosi kazi kikaundwa chini ya uenyekiti wa Marion Kamau wa Green Belt. Ripoti yake, iliyotoka miezi michache baadaye, haikutumia lugha ya kidiplomasia. Ilisema kwamba uongozi wa KFS ulishindwa kuuzuia uharibifu, na kwamba katika baadhi ya mahali ulishiriki wenyewe. Rushwa, kwa maelezo ya kikosi hicho, haikuwa kosa la askari mmoja mmoja bali sehemu ya namna shirika lilivyofanya kazi.

Siku 90 ziliongezwa, zikaongezwa tena, mpaka zikawa miaka mitano. Ni hapa ambapo hoja inakuwa ngumu kuliko wanaharakati wanavyopenda kukiri. Marufuku ya jumla haikutofautisha msitu wa asili na shamba la msonobari lililopandwa kwa nia ya kuvunwa. Miti iliyokomaa iliendelea kuzeeka. Viwanda vya mbao vilifungwa katika miji iliyovitegemea, vibarua wakapoteza riziki, na soko la Nairobi likageukia mbao kutoka nje, zikiwamo za Tanzania na zile za Kongo zinazopita katika barabara zetu hapa Uganda. Yaani mzigo wa msitu uliolindwa Kenya ulibebwa kwa sehemu na misitu ya majirani. Jambo hili halikuandikwa sana Nairobi.

Tarehe 2 Julai 2023, Ruto, sasa akiwa rais, aliiondoa marufuku aliyoitangaza mwenyewe. Alizungumza katika ibada ya kanisani huko Molo, kaunti ya Nakuru, eneo la wakata mbao, na kusema kwamba ni ujinga kuiacha miti iliyokomaa ioze huku watu wakikosa kazi. Kiuchumi, hoja hiyo ina uzito. Lakini waliomsikiliza waliuliza kimebadilika nini ndani ya shirika lililotajwa katika ripoti ya mwaka 2018, na jibu la kuridhisha halikutolewa. Chama cha Mawakili wa Kenya kilikwenda mahakamani, na mwezi uliofuata Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikatoa amri ya muda ya kusitisha uamuzi huo. Mashtaka yao hayakuhusu miti pekee. Yalihusu uamuzi wa kitaifa kutangazwa madhabahuni bila umma kushirikishwa, jambo ambalo katiba inalitaka.

Neno "shamba" katika sheria za Kiingereza

Kuna utaratibu mmoja ambao hata nyaraka za Kiingereza za Kenya huuita kwa neno letu: mfumo wa shamba. Ulianza wakati wa ukoloni, mnamo mwaka 1910. Baada ya miti kuvunwa, familia hupewa kipande cha ardhi ya msitu, hulima mahindi, viazi na maharage, na papo hapo hupanda miche ya serikali na kuipalilia. Baada ya miaka mitatu hivi miche hurefuka, kivuli huzuia mazao, na mkulima huhamia kipande kingine. Serikali hupata miti bila kulipa vibarua, naye mkulima hupata chakula bila kumiliki ardhi.

Mpango huo unapofuatwa, hufanya kazi. Unapoachwa mikononi mwa ofisa mmoja na daftari lake, mambo huenda kombo kwa njia inayofahamika na kila mwanakijiji. Vipande hugawiwa kwa wafanyabiashara wa mjini wanaowaweka vibarua. Mkulima anayejua kwamba mti ukikua atapoteza shamba hana haraka ya kuona mti ukikua, na miche hukatwa mizizi usiku. Mfumo huu ulipigwa marufuku katika miaka ya 1980, ukarejeshwa, ukapigwa marufuku tena mwaka 2003, kisha ukarudi kwa jina jingine. Mwezi Septemba 2022, Naibu Rais Rigathi Gachagua alipotamka kwamba wakulima wataruhusiwa kurudi msituni, kelele zilizuka nchi nzima, ingawa kwa kweli wengi walikuwa humo tayari kwa mujibu wa sheria. Wizara ililazimika kufafanua.

Mwandishi wa makala haya haoni kwamba mkulima maskini ndiye mhalifu mkuu katika kisa hiki. Anaonekana kwa urahisi, basi. Hekta zilizoondoka kwa kalamu ya waziri ni nyingi kuliko alizoweza kulima kwa jembe.

Mau na watu wake

Mfano wa kalamu hiyo ni Mau, msitu wa milimani mkubwa kuliko yote Kenya, uliokuwa na eneo la hekta zipatazo 400,000. Mwaka 2001 serikali ilitoa hekta zipatazo 67,000 kutoka hifadhi mbalimbali za nchi, sehemu kubwa ikiwa Mau. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuwapatia makazi wasio na ardhi, wakiwamo Waogiek, jamii ya wawindaji na warina asali iliyoishi humo tangu zamani. Kikosi kazi kilichochunguza Mau miaka michache baadaye, ambacho ripoti yake ilitoka mwaka 2009, kiliwakuta wanasiasa na maofisa wa serikali miongoni mwa waliofaidika. Waogiek wengi walibaki bila hatimiliki.

Kisha yakaja maagizo ya kuwahamisha watu ili msitu uokolewe. Waogiek waliifikisha Kenya mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, jijini Arusha. Tarehe 26 Mei 2017 mahakama iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki zao, na ikaikataa hoja kwamba uwepo wao ndio ulioharibu msitu. Tarehe 23 Juni 2022 iliamuru walipwe fidia ya shilingi milioni 57.85 za Kenya kwa hasara ya mali na milioni 100 kwa madhara mengine, tena wapewe hatimiliki ya pamoja ya ardhi yao.

Mwezi Novemba 2023, walinzi wa serikali walibomoa na kuchoma nyumba za Waogiek huko Sasimwani, kaunti ya Narok, na kuwaacha mamia bila makao. Mwezi huo huo, tarehe 13, nchi nzima ilikuwa na siku ya mapumziko ya kupanda miti, sehemu ya mpango wa serikali wa kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032.

Kwa upande wa Mlima Elgon, Waogiek wa Chepkitale walishinda kesi katika mahakama ya Bungoma mwaka 2022, iliyotambua ardhi yao kuwa ya jamii. Wabenet wa upande wetu, ambao Mahakama Kuu iliwatambua kuwa wenyeji wa asili kwa hukumu ya makubaliano ya mwaka 2005, wanajua vyema jinsi karatasi ya mahakama na maisha ya kila siku vinavyoweza kutofautiana.

Takwimu na fedha

Serikali ya Kenya ina majibu yake. Tathmini ya kitaifa iliyotolewa mwaka 2022 ilionyesha kwamba miti imefunika asilimia 12.13 ya nchi, juu ya kiwango cha katiba. Takwimu hiyo yafaa kusomwa kwa makini. Inajumuisha miti ya mashambani, michungwa, miembe na mikaratusi ya ua. Misitu yenyewe ilikuwa asilimia 8.83. Sehemu ya ongezeko, basi, ni kazi ya wakulima katika ardhi zao wenyewe, nayo huhesabiwa katika hotuba kana kwamba ni kazi ya wizara.

Kuhusu fedha, mzozo wa karibuni umerudi pale pale Karura. Tangu mwaka 2009 chama cha wananchi, Marafiki wa Msitu wa Karura, kimekuwa kikiusimamia msitu pamoja na KFS. Uzio ulijengwa, njia zikatengenezwa, vijana wa vijiji vya jirani wakaajiriwa, na mahali palipoogopwa kwa wahalifu pakawa pa familia kutembea. Mwaka 2025 KFS iliagiza viingilio vyote vilipwe kupitia eCitizen, mfumo wa mtandaoni unaokusanya malipo ya huduma za serikali. Shirika lilisema linatekeleza sera ya fedha za umma ya nchi nzima. Marafiki wa Karura walisema mkataba umevunjwa, nao wakaenda mahakamani.

Kisheria, si rahisi kubisha kwamba mapato ya mali ya umma yakusanywe na umma. Shida ni kwamba Wakenya walikuwa wameona mfano mwingine miezi michache kabla. Mwezi Machi 2025 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alieleza kwamba mfumo wa kidijitali wa bima mpya ya afya, wenye gharama ya shilingi bilioni 104.8, haumilikiwi wala kudhibitiwa na serikali inayoulipia. Mtu aliyesoma taarifa hiyo, na ambaye kila Jumapili hulipia kiingilio getini Karura na kuona njia imefagiliwa, alikuwa na sababu ya kutaka kujua shilingi yake ingepita wapi kabla ya kurudi msituni, na kama ingerudi.